Lini upime radoni nyumbani kwako: mwongozo kamili kwa wakazi wa Dodoma na Kanda ya Kati

Mwezi wa Julai, ikifika saa moja usiku, mtaa wetu wa Iyumbu unakuwa umeshafunga madirisha. Upepo unavuma, baridi inaingia hadi kwenye mifupa, na vumbi jekundu halimruhusu mtu alale na dirisha wazi. Mlango unapigwa komeo, pazia linavutwa, watoto wanajifunika mablanketi mawili mawili. Kuanzia hapo mpaka saa kumi na mbili asubuhi, hewa mnayovuta ndani ni ileile mliyofungia. Jumla yake ni muda wa saa 11. Kama nyumba yako ina radoni, ndizo saa inapojilimbikiza, na ndizo saa ambazo familia nzima imelala inavuta hewa hiyo.

Naandika mwongozo huu kwa sababu swali ninaloulizwa zaidi kuhusu radoni ni la wakati: nipime lini? Ushauri mwingi unaosambaa umeandikwa Marekani na Ulaya, nao unasema pima majira ya baridi, wakati moto wa kupasha nyumba joto umewashwa. Sisi hatuna nyumba za namna hiyo wala baridi ya namna hiyo. Ukiuchukua ushauri huo kama ulivyo, unaweza kupima Januari, ambako kwao ni barafu na kwetu ni mvua na joto, kisha ukadhani umefuata maelekezo.

Kwanza, ni kitu gani tunachopima

Radoni ni gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Inazaliwa ardhini. Urani, madini yenye mionzi, iliyomo kwenye mwamba inaoza (yaani atomu zake zinavunjika zenyewe) polepole mno, katika kuoza kwake inazaa radiamu, na radiamu inazaa radoni. Kwa kuwa ni gesi, inapenya kwenye nafasi za udongo na kupanda juu. Ikitokea uwanjani, upepo unaitawanya na hakuna shida. Ikipandia chini ya sakafu yako, inaingia kwa ufa, kwa upenyo unaozunguka bomba la maji taka, kwa mahali ambapo jamvi, yaani sakafu ya zege, limekutana na ukuta. Nusu yake inaoza ndani ya siku 3.8, na vitu inavyogeuka, hasa aina mbili za poloniamu, vinanata kwenye mapafu na kurusha chembe za alfa, aina ya mionzi, zinazojeruhi seli. Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka radoni katika kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya asilimia 3 na 14 ya saratani za mapafu zinatokana nayo, kutegemea nchi.

Ulimwengu ulizinduka kuhusu radoni ya majumbani mwaka 1984. Mhandisi mmoja wa Pennsylvania, Stanley Watras, alikuwa anafanya kazi kwenye kinu cha nyuklia cha Limerick. King'ora cha kukagua mionzi kilikuwa kinampigia kelele, na ilipochunguzwa ikaonekana mionzi hiyo alikuwa anakuja nayo kutoka nyumbani kwake, wala haikutoka kwenye kinu. Nyumba ilikuwa imejengwa juu ya mwamba wenye urani.

Kwa nini sisi wa Dodoma tujali? Tazama tu milima inayotuzunguka, Mlimwa, Jiwe la Simba, na vilima vyote vya mawe makubwa yaliyolala kama vichuguu kuelekea Chamwino na Hombolo. Hiyo ni graniti ya kale, na graniti kwa kawaida hubeba urani nyingi kuliko mawe ya chokaa. Ukienda magharibi, Bahi na Manyoni, watafiti wa madini wameshaipata urani karibu kabisa na uso wa ardhi, kwenye mabonde na mbuga. Hilo halimaanishi kwamba nyumba yako ina tatizo. Nyumba mbili zilizopakana ukuta kwa ukuta zinaweza kutofautiana sana, kwa sababu moja ina ufa chini ya kabati na nyingine haina. Ramani ya mawe inakuambia kuna sababu ya kupima, na hapo ndipo kazi yake inapokoma.

Hatua ya kwanza: chagua kifaa, maana kifaa ndicho kinachoamua muda

Vifaa viko vya aina tatu.

Cha kwanza ni kikopo cha mkaa maalumu, kinachokaa ndani siku 2 hadi 7 kisha kinapelekwa maabara. Kwa mtu wa Dodoma mimi sikishauri. Mkaa ule unanasa radoni, na radoni inaendelea kuoza humohumo ndani ya kikopo, hivyo kinatakiwa kifike maabara ndani ya siku chache sana. Kikikaa posta wiki tatu kikisubiri ndege, hakuna cha kusoma. Pia unyevu wa miezi ya mvua unakiharibia hesabu.

Cha pili ni kidude kidogo chenye kipande cha plastiki ambacho chembe za alfa zinakipiga na kuacha alama. Maabara inazihesabu alama hizo. Kinakaa ndani miezi 3 hadi mwaka mzima, hakitumii umeme, na alama zake hazifutiki haraka, kwa hiyo safari ya posta haikitishi. Hiki ndicho ningemwambia mtu mwenye subira achukue. Angalia jambo moja: kinakuja kwenye pakiti iliyozibwa, na saa yake inaanza kuhesabu pale tu unapoipasua. Usiipasue kwa udadisi ukaja kukitundika baada ya mwezi.

Cha tatu ni kifaa cha kielektroniki kinachoonyesha namba kwenye kioo. Kinafaa kwa sababu unaona usiku na mchana, na mnaweza kukipokezana majirani. Namba ya saa chache za kwanza usiiamini. Kipe angalau wiki moja, na mwezi ni bora zaidi.

Kabla hujaagiza chochote nje, wasiliana na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003 na yenye maabara Arusha. Ndio wenye dhamana ya masuala ya mionzi nchini. Uliza kama wanaweza kukupimia au kukuelekeza.

Hatua ya pili: soma kalenda ya hapa, usisome ya Ulaya

Hapa ndipo ningependa utulie, kwa sababu ndipo makosa mengi yanapofanyika.

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, na mwaka mzima tunapata milimita 500 na kitu hadi 600 hivi. Kuanzia Mei ardhi inakauka. Juni, Julai na Agosti ni kipupwe. Septemba mpaka Novemba ni joto kali na ukame. Kila kipindi kinaigusa radoni kwa namna yake.

Kipupwe ndicho kipindi chetu cha nyumba kufungwa. Lakini kuna jambo lingine linaloendelea usiku ule. Kuta za tofali zimelamba jua mchana kutwa, na usiku zinaendelea kutoa joto ndani wakati nje kumepoa. Hewa yenye joto inapanda, inatokea kwenye matundu ya juu na mianya ya dari. Hewa inayotoka juu lazima ijaziwe, na kama madirisha yamefungwa inavutwa kutoka chini, kupitia sakafu. Nyumba inafyonza ardhi. Wazungu wanaupata mvuto huo kwa moto wa kupasha nyumba joto, sisi tunaupata kwa tofali na mabati. Ndiyo maana Juni hadi Agosti naihesabu kuwa kipindi kigumu zaidi kwa nyumba nyingi za mjini hapa.

Masika yana namna yake. Mvua ikinyesha kwa siku kadhaa, udongo wa nje unaloa na vinafasi vyake vinajaa maji, gesi inakosa pa kutokea. Chini ya nyumba yako, hata hivyo, kumebaki kukavu. Gesi inafuata njia iliyo rahisi, nayo ni sebuleni kwako. Hali hiyo inaonekana zaidi kwenye udongo wa mfinyanzi wa mbugani kuliko kwenye changarawe za vilimani. Halafu usiku wa masika madirisha yanafungwa pia, kwa sababu ya mbu na mvua inayopiga kwa upande. Kwa hiyo usidhani masika ni salama kwa kuwa hakuna baridi.

Septemba mpaka Novemba watu wanalala madirisha wazi, wengine wanalala barazani. Ukipima kipindi hicho kwa wiki moja utapata namba nzuri, na namba hiyo itakudanganya kuhusu Julai.

Basi ushauri wangu ni huu. Kama una kile kidude cha plastiki, kitundike mwaka mzima. Hakuna kipimo kinachokishinda, kwa sababu kitapitia kila msimu. Kama mwaka ni mrefu mno, kitundike mwanzoni mwa Februari, wakati zabibu za Hombolo na Mpunguzi zinaanza kuuzwa barabarani, ukitoe mwisho wa Julai. Utakuwa umepitia mvua, umepitia Mei, na umechukua miezi miwili ya kipupwe. Utakosa miezi ya madirisha wazi, kwa hiyo namba itaegemea juu kidogo, na mimi nipo tayari kukosea kwa upande huo.

Kama una kifaa cha kielektroniki, pima mara mbili: wiki mbili au zaidi kati ya katikati ya Juni na mwanzo wa Agosti, na wiki mbili nyingine Januari au Februari ardhi ikiwa imeloa. Zote mbili zikiwa chini, nyumba yako iko vizuri. Zikipishana sana, andika zote mbili, usichague ile inayokufurahisha.

Na kama una nafasi moja tu, labda umeazima kifaa kwa wiki moja, kiombe Julai.

Hatua ya tatu: angalia nyumba yako imefika wapi

Mbali na kalenda ya mwaka kuna umri na mabadiliko ya nyumba. Nyakati zifuatazo zinastahili kipimo hata kama si kipupwe.

Unapotaka kununua nyumba iliyokwisha, omba siku kumi za kuweka kifaa kabla ya kumalizia malipo. Muuzaji atashangaa. Mweleze. Kipimo cha udongo kwenye kiwanja kitupu, kwa upande mwingine, hakikusaidii sana kwa pesa utakayotoa, kwa sababu udongo mmoja unaweza kubeba nyumba salama na nyumba isiyo salama. Kwenye kiwanja weka fedha yako kwenye ujenzi.

Ukiwa bado unajenga, wakati muhimu kuliko wote ni kabla ya kumwaga jamvi, na hapo hupimi chochote, unajiandaa tu. Nakumbuka asubuhi tuliyokuwa tunashindilia kifusi kwangu. Fundi alisimama na koleo akaniambia, "Kaka, tukishamwaga hapa, huwezi kurudi chini tena." Nikamwambia, "Ndiyo maana nataka tuchomeke bomba leo, fundi." Tukatandaza kokoto safi, unene wa sentimita 10 hivi, juu yake karatasi nzito ya nailoni iliyopandishwa pembeni hadi kwenye ukuta na kuunganishwa kwa kupishana vizuri, na katikati ya kokoto tukaacha bomba la plastiki la inchi 4 lililopanda ukutani hadi juu ya paa. Gesi ikijikusanya chini ya jamvi, ina pa kutokea. Kikija kipimo kibaya baadaye, unaongeza feni ndogo kwenye bomba hilo bila kuvunja sakafu.

Nyumba ikikamilika, pima baada ya milango, madirisha na dari kuwekwa. Nyumba isiyo na vioo haina namba ya maana. Lakini kipimo utakachokitegemea ni kile cha baada ya kuhamia, kwa sababu nyumba yenye watu inafungwa na kufunguliwa kwa namna nyingine kabisa na nyumba ya mlinzi peke yake.

Rudia ukibadilisha namna nyumba inavyopumua: umetoa madirisha ya mbao na nyavu ukaweka ya aluminiamu, umeziba matundu ya juu ya ukuta, umefunga kiyoyozi. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani kinazungusha hewa ileile ya ndani, hakileti ya nje, na anayekitumia anafunga kila kitu. Nyumba iliyokuwa na namba nzuri inaweza kubadilika ndani ya mwezi.

Rudia pia sakafu ikipasuka. Udongo mweusi wa mbugani unavimba ukiloa na kunywea ukikauka, na nyumba nyingi zilizojengwa juu yake zina nyufa. Halafu tuko pembezoni mwa Bonde la Ufa, na kila baada ya muda tunatikiswa kidogo. Ukiona ufa mpya wa kupitisha wembe baada ya tetemeko, uweke kwenye orodha yako.

Na kama umechimba kisima kirefu kwenye mwamba na maji yanasukumwa moja kwa moja kutoka chini hadi kwenye bomba la mvua la bafuni, pima tena. Maji ya ardhini yanaweza kubeba radoni na kuiachia yanapomwagika. Yakikaa kwanza kwenye tenki lenye tundu la kupumulia, sehemu kubwa inaondoka.

Hatua ya nne: chagua siku ya kuanza

Kwa kipimo kifupi, chini ya miezi mitatu, funga nyumba kwa muda wa saa 12 kabla ya kuanza, na uendelee kuifunga kipindi chote. Kufunga maana yake madirisha yote, na mlango unafunguliwa kwa kupita tu. Mimi huanza jioni: asubuhi saa kumi na mbili nafunga, saa kumi na mbili jioni naweka kifaa.

Hapa nasema kwa msisitizo. Nyumba ikiwa imefungwa kwa kipimo, usiingize jiko la mkaa ndani, iwe kwa kupikia au kwa kuota moto. Gesi ya monoksidi ya kaboni inayotoka kwenye mkaa unaowaka inaua kwa usiku mmoja, wakati radoni inachukua miaka. Kama unapikia ndani na huna jiko la nje, achana na kipimo kifupi, tumia kidude cha muda mrefu na uishi kama kawaida. Kwa kipimo cha muda mrefu hufungi chochote kwa makusudi. Unataka nyumba ijieleze inavyoishi.

Kwa nini tusipime mchana mmoja tu tukamaliza? Kwa sababu radoni inapanda na kushuka ndani ya siku. Katika kanda zetu za karibu na ikweta, kanieneo ya hewa inakwenda kama bahari, inajaa na kupwa mara mbili kwa siku: inafika juu kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, inashuka chini kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Inaposhuka, ardhi inatoa pumzi. Saa kumi jioni madirisha yako wazi na upepo unapita, kwa hiyo huoni kitu. Saa kumi alfajiri mambo yote yamekutana pamoja: kanieneo iko chini, nje kumepoa kuliko ndani, kila kitu kimefungwa.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Tuseme chumba kina bekereli 220 kwa mita ya ujazo (bekereli ni kizio cha radoni, nitakieleza hatua ya saba) kwa saa 11 za usiku, na 40 kwa saa 13 za mchana. Wastani wa siku ni kama 122. Aliyepima alasiri ataandika 40 na kulala kwa amani. Kwa hiyo pima kwa siku kamili, usikatize katikati.

Hatua ya tano: epuka siku hizi

Kuna siku ambazo kipimo kifupi hakitakuwa na maana. Siku za upepo mkali usio wa kawaida, ule wa kung'oa mabati, unavuruga kanieneo ndani ya nyumba, unaweza kushusha namba au kuipandisha. Mvua ya radi ya ghafla inafanya vilevile. Kwa kipimo cha miezi haya yanajifuta yenyewe.

Msiba nao. Kwenye msiba mlango haufungwi usiku wala mchana, watu wamejaa sebuleni na vyumbani, magodoro yametandikwa mpaka koridoni. Kipimo kikikukuta hapo, kitoe, uanze upya baadaye. Harusi na kipaimara ni hivyohivyo. Na kwa wanaopangisha vyumba vikao vya Bunge la bajeti vinapoanza Aprili, nyumba inapata maisha ambayo si yake. Subirini wageni waondoke mwisho wa Juni, na hapo mtakuwa mmeingia Julai.

Usipime wakati unapaka rangi au kupiga msasa, kwa kuwa utalazimika kufungua. Na usiwashe feni ya dirishani ya kuvuta hewa. Feni ya dari haina shida kubwa, lakini isipulize moja kwa moja juu ya kifaa.

Hatua ya sita: weka mahali panapostahili

Weka chumba cha kulala cha chini. Kama nyumba ni ya ghorofa, anza ya chini kabisa inayokaliwa, maana gesi inatoka ardhini. Nyumba za Kilimani na Mlimwa zilizokatwa ubavuni mwa kilima, zenye chumba kilichozama kwenye mwamba, zianzie hapo.

Kifaa kiwe nusu mita au zaidi kutoka sakafuni, karibu na kimo cha pumzi ya mtu aliyelala. Kiwe sentimita 90 kutoka dirisha na mlango wa nje, sentimita 30 au zaidi kutoka ukutani, mbali na jua. Jikoni na bafuni hapana, unyevu na mvuke vinaharibu. Kwa nyumba za udongo na tembe, ongeza umbali wa ukuta. Udongo wa ukuta unaweza kutoa nduguye radoni anayeitwa thoroni, ambaye nusu yake inaoza kwa chini ya dakika moja. Hafiki mbali, lakini kifaa kilichobandikwa ukutani kinaweza kumhesabu.

Mara ya kwanza mimi nilikiweka kwenye kingo ya dirisha la sebule, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Nikafurahia namba kwa siku tano. Nilipokihamishia kwenye kistuli kando ya kitanda cha watoto, kwa msimu uleule, namba ilipanda zaidi ya mara mbili. Dirisha lile lilikuwa na mwanya wa kupitisha kadi ya simu.

Hatua ya saba: soma namba na upange kipimo kinachofuata

Kizio chetu ni bekereli kwa mita ya ujazo, yaani atomu ngapi zinaoza kila sekunde katika mita moja ya ujazo ya hewa. Kifaa kilichotoka Marekani kinaweza kuonyesha pikokyuri kwa lita. Zidisha kwa 37 upate bekereli.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango cha rejea cha 100, na pale nchi isipoweza kufikia hapo, kisizidi 300. Marekani wanachukua hatua kuanzia pikokyuri 4, sawa na bekereli 148. Hatari ya saratani ya mapafu inapanda kwa takriban asilimia 16 kwa kila bekereli 100 zinazoongezeka katika wastani wa muda mrefu. Kwa mvutaji sigara hatari inayotokana na radoni ni kama mara 25 ya asiyevuta. Kama kuna mvutaji nyumbani, kuacha sigara kunapunguza hatari hiyo kuliko ufa wowote utakaouziba.

Neno wastani wa muda mrefu lisikuponyoke. Tuseme kipimo chako cha kipupwe kilisema 180, na miezi tisa iliyobaki nyumba ina 70. Wastani wa mwaka ni kama 98. Kwa hiyo ukipata kati ya 100 na 300 kwa kipimo kifupi cha Julai, usivunje sakafu. Tundika kipimo cha muda mrefu, na wakati huohuo fungua madirisha asubuhi mapema. Ukipata zaidi ya 300, rudia papo hapo kwa kipimo cha wiki mbili, bila kusubiri msimu, na ikithibitika anza matengenezo. Ukipata chini ya 100 Julai, usiku madirisha yakiwa yamefungwa, umeshapima katika hali ngumu, pumzika hadi nyumba itakapobadilika. Ukipata chini ya 100 Oktoba, bado hujapima.

Matengenezo kwa ufupi: ziba nyufa na mianya ya mabomba kwa silikoni au saruji laini, fungua matundu ya chini na juu ya ukuta, na kama haitoshi toboa jamvi uweke bomba lenye feni linalofyonza hewa ya chini ya sakafu na kuitoa juu ya paa. Kuziba peke yake mara nyingi hakutoshi. Bomba na feni ndiyo njia yenye nguvu.

Baada ya feni kuwashwa, subiri saa 24 ndipo uweke kifaa, na kipimo hicho kifanyike ndani ya siku 30. Kisha rudia kila miaka miwili, na kimoja kati ya hivyo kiangukie Julai. Andika kwenye karatasi tarehe ya kuanza, saa, chumba, madirisha yalikuwaje, mvua ilinyesha au la, umeme ulikatika mara ngapi. Mimi karatasi yangu nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la umeme, na mstari wa mwisho unasomeka: chumba cha watoto, kitanda cha chini, kuanza 10 Julai saa kumi na mbili jioni.